Wapangaji sita, laini moja ya Mbps 20: nagawaje intaneti bila kugombanisha nyumba?

#1 Mpangaji_Na5

Wakuu habari za jioni.

Nimepanga Tabata, nyumba ya uani, tuko kaya sita. Mwenye nyumba alivuta faiba tukakubaliana tuchangie, kila kaya 15,000 kwa mwezi na mzee anajazia iliyobaki. Kifurushi ni Mbps 20 (megabiti kwa sekunde, yaani kasi). Mimi kwa kujitia najua kompyuta nikakabidhiwa usimamizi. Laiti ningekaa kimya siku ile.

Miezi miwili ya mwanzo raha mustarehe. Sasa hivi ikigonga saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku mtandao unakufa. Simu ya WhatsApp inakatakata, picha inazunguka tu. Kijana wa chumba cha 3 ana masomo ya chuo kwa mtandao usiku, anatoka kusimama barabarani na bando lake. Mama wa chumba cha 4 anasema kijana ndiye anayeshusha muvi. Kijana anasema ni watoto wa mama na katuni zao. Juzi walirushiana maneno pale kwenye kamba ya nguo mpaka mzee akatoka na msuli kuamua.

Nimenunua MikroTik hAP lite (ruta ndogo ya kugawia mtandao) kwa mtu, imetumika, nikaichomeka nyuma ya ruta ya kampuni. Nikafuata video, nikamwekea kila mtu 3M (yaani Mbps 3) kwenye Simple Queues, foleni za kuwekea kikomo cha kasi. Hakuna kilichobadilika! Nimejipima mwenyewe napata 17 kama vile sijaweka kitu. Nakosea wapi?

#2 Ngedere_wa_Pugu

Badili paswadi, kaa nayo mwenyewe, wakikuuliza sema kampuni wana hitilafu. Wiki moja tu heshima itarudi.

#3 FundiWaya

Mkuu #1, puuza huyo ngedere.

Kosa lako nalijua bila kuja huko: FastTrack. MikroTik ukiianza na mipangilio yake ya kiwandani, kuna sheria kwenye IP > Firewall > Filter Rules imeandikwa "defconf: fasttrack". Kazi yake ni kupitisha data njia ya mkato ili prosesa isichoke. Ile njia ya mkato haipiti kwenye foleni zako. Ni sawa na kuweka trafiki Ubungo halafu magari yote yapite barabara ya juu. Izime, uwashe upya ruta, ujipime tena.

La pili, umezima waifai ya ile ruta ya kampuni? Kama inawaka, watu wako bado wako huko na MikroTik yako inalinda mlango ambao hakuna anayepita.

#4 Mpangaji_Na5

FundiWaya Mungu akubariki. FastTrack nimeizima, limiti inashika. Na waifai ya kampuni ilikuwa inawaka kweli, nimekuta simu saba huko, moja imejiita "Galaxy ya Shemeji". Nimeizima nayo.

Ila wakuu, matatizo yamezaa. Kijana wa chumba cha 3 kaja mchana kunilalamikia: yupo nyumbani peke yake, wote tuko kazini, anapata 3 tu na Mbps 17 zimelala. Ana hoja. Na jioni hali iko vile vile! Saa mbili usiku napata 3M yangu kwenye kipimo, lakini ukipiga simu ya video sura inaganda.

#5 Bandari8291

Kumfungia kila mtu 3M ni kama daladala kuuza siti kwa majina: gari linaondoka tupu na watu wako kituoni kwa sababu siti ni ya fulani ambaye leo hakuja. Mnachohitaji ni kugawana kwa kadri waliopo. Akiwa mmoja ale yote, wakiwa sita wagawane sawa.

MikroTik ina kitu kinaitwa PCQ kwa kazi hiyo, na aina mbili zimo tayari humo ndani. Futa foleni zako zote, weka moja tu:

`/queue simple add name=nyumba target=192.168.88.0/24 max-limit=9M/18M queue=pcq-upload-default/pcq-download-default`

Angalia mpangilio wa namba: ya kwanza ni kupakia (kutuma), ya pili ni kupakua (kupokea). Watu wanazigeuza halafu wanakuja kulia humu kwamba MikroTik mbovu.

Na kwa nini 18 wakati laini ni 20? Foleni lazima iwe kwako. Ukiacha 20, data inajaa kwenye mtambo wa kampuni, na kule wewe huna sauti. Punguza kama asilimia 10 chini ya kipimo halisi, si cha kwenye tangazo. Kupakia unapata ngapi? Mimi nimekisia 10.

#6 JiraniEmba

Niaje wakubwa. Naandika kutoka Nairobi, ploti yetu Embakasi ina nyumba kumi na mbili kwa laini moja, kwa hivyo haya nimeyapitia.

Bandari amesema ukweli lakini PCQ peke yake ina shida: inahesabu vifaa, haihesabu nyumba. Bachela mwenye simu moja anapata fungu moja. Jirani mwenye simu nne, runinga na kompyuta anapata mafungu sita, na wote wanalipa pesa sawa. Kwetu ilileta vita hadi caretaker akatishia kukata waya.

Fanya hivi. Kila nyumba ipe kipande chake cha anwani za IP. Chumba cha 1 kipe 192.168.88.16/28 (yaani kundi la anwani 16 kuanzia hapo), cha 2 kipe .32/28, cha 3 .48/28, hivyo hivyo hadi cha 6 kiishie kwenye .96/28. Kwenye DHCP Server > Leases bonyeza kifaa, "Make Static", halafu ukipe anwani ya nyumba yake. Ni kazi ya jioni moja, na lazima upige hodi kila mlango kuuliza simu hii ni ya nani.

Kisha ile foleni ya "nyumba" iwe mzazi, na kila chumba kiwe mtoto wake. Kwa mtoto kuna namba mbili za kuelewa. `limit-at` ni haki yake, hiyo hanyang'anywi hata kukiwa na foleni namna gani. `max-limit` ni ukomo wake wenzake wakiwa hawapo. Weka limit-at 1M/2500k, max-limit 9M/18M. Mchana kijana wako atakula zote 18. Saa mbili usiku kila nyumba ina 2.5 zake na hakuna wa kumgusa.

#7 Mama Twins

Jamani mimi nasoma hapa kichwa kinauma. Kwani hamuwezi kufunga YouTube tu jioni? Na je, huyo anayesimamia anaweza kuona kila mtu anaangalia nini? Maana kwetu kuna mtu namshuku.

#8 FundiWaya

Mama Twins, kufunga YouTube unaweza, lakini utakuwa umefunga mpaka na fundi cherehani anayejifunza kukata gauni. Dawa ni ubora wa picha. YouTube wenyewe wanasema picha ya 1080p inataka kama Mbps 5, ya 480p inataka 1.1. Ya 4K inataka 20, yaani laini nzima ya huyu ndugu. Kwenye simu ya mtoto 480p na 1080p macho hayaoni tofauti ya maana. Runinga ndiyo mla rushwa mkubwa, kwa sababu inajipandishia ubora yenyewe bila kuuliza mtu.

Kuhusu kuona wanaangalia nini: tovuti karibu zote sasa zinafungwa kwa HTTPS, kwa hiyo msimamizi anaweza kuona jina la tovuti, si ukurasa wala ujumbe. Lakini hata hilo jina usilitafute. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Na weka sheria kando: siku wapangaji wakijua unachungulia, hutokaa uani kwa amani. Huyo unayemshuku muulize mwenyewe.

#9 Mama Twins

Haya. Nimekuelewa. Wengine mnajibu kama mashekhe.

#10 Mpangaji_Na5

Mrejesho. Jumapili nzima nimepiga hodi vyumba vyote kama karani wa sensa. Vifaa 27 kwa kaya sita! Chumba cha 2 mtu mmoja ana simu tatu, sikuuliza.

Nimefuata ya JiraniEmba yote. Mchana kijana anapata 18, kanipigia saluti. Lakini jioni, wakuu, jioni! Nimekaa na kompyuta napiga pingi 1.1.1.1, yaani natuma ujumbe mdogo kwa seva ya nje nione jibu linachukua muda gani. Asubuhi inarudi kwa milisekunde 35. Saa moja na nusu usiku inarudi 700, 900, nyingine haijibu kabisa. Na kwenye Torch (kipimo cha MikroTik cha data inayopita) naona nyumba nzima inapakua kama 8M na kupakia 1M. Laini haijajaa hata nusu. Inawezekanaje?

Mama wa chumba cha 4 kashasema mashine yangu ndiyo inakula mtandao.

#11 Bandari8291

Hapo sasa pametamu.

Kwanza nieleze kitu ambacho wengi hawakijui. Tunalaumu wanaopakua, lakini anayeua mtandao wa nyumba mara nyingi ni anayepakia. Kila kipande cha data unachopokea, simu yako inarudisha kijibu kidogo, "nimepata, leta kingine". Kijibu hicho kinapita njia ya kupakia. Njia hiyo ikijaa, vijibu vinakwama, na aliyeko upande wa pili anapunguza kasi kwa kuwa hajapata jibu. Unabaki na kupakua kwa kusuasua huku njia ya kupakua ikiwa nyeupe.

Fikiria pantoni ya Magogoni. Malori kumi ya mchanga yamepanga mstari, nyuma yao kuna mtu wa pikipiki amebeba barua tu. Barua haina uzito, lakini itavuka lori la kumi likishavuka. Zile milisekunde 900 zako ni barua iliyo nyuma ya malori. Ruta nyingi za bei nafuu zina eneo kubwa la kupaki malori na hazina askari wa kumpitisha wa pikipiki mbele.

Sasa Torch inakuonyesha kupakia 1M. Ina maana malori hayapiti kwako. Yanaingilia pengine. Nenda kwenye ruta ya kampuni, usiangalie waifai, angalia NYAYA. Nini kingine kimechomekwa mgongoni mwake?

#12 Mpangaji_Na5

Wakuu. Naandika nikiwa bado natetemeka kwa kicheko.

Ruta ya kampuni iko sebuleni kwa mzee, juu ya kabati la vyombo. Leo nimeomba kuingia. Mgongoni kuna waya wangu unaokwenda MikroTik. Pembeni yake kuna waya mwingine mweupe umepita nyuma ya pazia, umezunguka fremu ya dirisha, umeingia kwenye boksi jeusi chini ya meza ya runinga. Boksi la kamera! Kamera nne: geti, uani, ngazi ya nyuma na mlango wa mzee. Zilifungwa wiki ile ile mtandao ulipoanza kufa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha haya mawili.

Nikamuuliza mzee, nani huwa anaangalia? Akasema, "Mwanangu yuko Maskati. Akitoka kazini anafungua kwenye simu anatazama nyumbani, anatukumbuka." Maskati wako saa moja mbele yetu. Anatoka kazini, anakula, anaweka kamera zote nne, anakaa nazo hadi alale.

Nikamwomba mzee nichomoe ule waya dakika tano. Pingi ikashuka kutoka 840 hadi 37 hapo hapo. Nilichomeka tena ikapanda. Nikachomoa tena. Mzee akasema, "Sasa unachezea au unatengeneza?"

#13 JiraniEmba

😂😂 Aki huyu kijana wa Maskati. Nyumba nzima inagombana na yeye anawatazama moja kwa moja mkigombana.

#14 Ngedere_wa_Pugu

Yaani ugomvi wa kamba ya nguo aliuona wote. Kwa ubora wa juu.

#15 Kijana_wa_Jambiani

Assalaam aleikum. Nna gesti ndogo huku Jambiani, vyumba vinane, kwa hivyo kamera na wageni ndo maisha yangu.

Usimwambie mzee azime kamera, hatokubali na ana haki. Kamera hizo karibu zote hutoa picha mbili kwa pamoja, mkondo mkubwa na mkondo mdogo. Mkubwa kwa kamera moja ni kama Mbps 2 na zaidi kulingana na ilivyopangwa, mara nne ishakuwa 8. Mkondo mdogo ni sehemu ndogo tu ya hapo. Ingia kwenye boksi, wacha mkondo mkubwa urekodi kwenye diski humo ndani, na anayetazama kwa simu apewe mdogo.

Pili, uchomoe waya wa boksi kwenye ruta ya kampuni uuchomeke kwenye MikroTik. Lipe boksi anwani yake, tuseme .10, ulifanyie foleni yake chini ya mzazi yule yule, kupakia lisizidi 2M. Kutazama kwa mbali hakutoharibika, kwani boksi lenyewe ndo linalokwenda kuitafuta seva huko nje.

Tatu, wageni. Kitu chochote usichokijua kiangukie kipande cha mwisho, .192/26, na kipande hicho kizima kipate 1M. Faida yake kubwa ni hii: simu za sasa, Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14, huficha anwani halisi ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kifaa. Mjanja akizima na kuwasha kile kipengele, kwako huonekana simu mpya. Ukimfungia kwa MAC atakukimbia. Lakini kama kila kitu kipya huanzia kwenye 1M ya wageni, akibadili anajipunguzia mwenyewe.

#16 Mswazi_Ilala

Nimeipenda hiyo ya wageni, nakwenda nayo.

Nichomekee moja tu kwa wanaosoma na kupata mawazo ya biashara: kuchangia bili ndani ya nyumba moja ni jambo moja, kumuuzia mtaa vocha kwa faida ni jambo lingine. Hiyo ni huduma ya mawasiliano na inataka leseni ya TCRA. Halafu soma mkataba wako na kampuni, wengi wanakataza kuuza tena laini ya nyumbani. Kuna jamaa mtaani kwetu alibandika bango kabisa getini, hakumaliza miezi.

#17 FundiWaya

Mpangaji, hAP lite ni kadogo, RAM yake ni MB 32. Foleni kumi inabeba, ila usiipakie mambo mengine. Waifai yake ni ya GHz 2.4 pekee, na uani kwenu najua majirani wote wako huko huko. Chagua chaneli kati ya 1, 6 na 11 ile yenye watu wachache. Usiweke 3 wala 8 kwa kudhani umepata nafasi ya katikati, hapo unakuwa umegombana na pande zote mbili.

Ukipata hela siku moja, chukua ruta inayobeba OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta), uweke SQM na CAKE, vipanga foleni vyake. Ile inampitisha wa pikipiki mbele yenyewe, na inagawa kwa kila kifaa bila wewe kuandika foleni hata moja. RouterOS 7, programu ya MikroTik, nayo ina CAKE, ila kwa prosesa ya hiyo yako usijaribu.

#18 Mpangaji_Na5

Mrejesho wa mwisho, maana mmenivumilia.

Kupakia kwangu nimepima mara kadhaa usiku wa manane, ni 9.6. Mzazi nimemshusha hadi 8500k/18M. Vyumba sita kila kimoja limit-at 1M/2500k. Boksi la kamera max-limit 2M/1M. Wageni 500k/1M. Jana saa mbili na nusu usiku, watu wote wapo, runinga tatu zinawaka, pingi ilikuwa kati ya 40 na 65. Kijana wa chumba cha 3 amehudhuria kipindi chote akiwa ndani.

Kikao cha wapangaji tumekaa kwenye ngazi. Sikumtaja mtu. Nimesema tu tatizo lilikuwa waya. Mama wa chumba cha 4 akamtazama kijana, kijana akatazama chini, kisha mama akaingia ndani akatoka na sahani ya vitumbua. Kompyuta za Windows mbili tumeziwekea kwamba huu mtandao una kipimo, ili apdeti zisijipakue jioni. Simu tumekubaliana kuhifadhi picha mtandaoni usiku zikiwa kwenye chaji.

#19 Bandari8291

Safi sana. Hifadhi nakala ya mipangilio yako leo leo, Files > Backup, uitoe nje ya ruta. Umeme wa Dar unajua.

#20 Mpangaji_Na5

Nimefanya mkuu, iko kwenye flashi.

Ila limebaki moja. Asubuhi mzee kanifuata bombani. Mwanawe kapiga simu kutoka Maskati, anasema picha ya geti imekuwa na ukungu, hamtambui anayeingia. Anauliza nani kagusa kamera zake.

#21 Kijana_wa_Jambiani

Geti peke yake mrudishie mkondo mkubwa, hizo tatu ziache ndogo. Upandishe ukomo wa boksi hadi 3M. Halafu mpigie wewe mwenyewe, umwambie akifungua geti moja badala ya zote nne ataona hadi kitasa.

#22 Mpangaji_Na5

Sawa shekhe. Nampigia jioni, kwa WhatsApp, ya video.